Feni Iliponyamaza

Tangini, Kibaha
Alasiri, siku moja kabla ya safari

Mwanangu Mwanaidi,

Wewe na mama yako mmekwenda Masaki ya Kisarawe kumuaga bibi, mimi nimebaki sebuleni na begi lako. Nimelitazama muda kidogo, kisha nikaona bora niandike, maana kesho pale Kwa Mathias basi halitanisubiri nimalize maneno. Unanijua. Nikisimama na mtu ninayemuaga, huwa naishia kuongea habari za tairi na mvua.

Ya kula, ya kuswali, ya marafiki na ya kufunga mlango mama yako amekwambia tangu wiki iliyopita, na ataendelea kukwambia kwa simu mpaka umalize chuo. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia habari za laptop.

Usicheke. Unakwenda Mbeya kusomea upimaji wa ardhi, na wenyewe wanasema zile programu za ramani ni nzito. Laptop unayoondoka nayo ni ya zamani. Itapata moto, hilo halina mjadala, na siku hiyo mimi sitakuwa karibu. Fundi utakayempata huko atakuuliza imewahi kupata tatizo gani, nawe unajua nusu tu ya habari, ile nusu uliyoishuhudia. Nusu nyingine sijawahi kukusimulia vizuri. Nadhani ukiijua yote itakusaidia kuliko nikikuachia karatasi ya maelekezo.

Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Nilikuwa nimechoka kupiga video za harusi kisha kuzipeleka Dar kwa watu wengine waniunganishie. Nilipoileta nyumbani mama yako aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, akawa anaifunika kama anavyofunika redio. Mimi nilikuwa nafanyia kazi kitandani, nimeegemea ukuta, laptop iko juu ya godoro. Hakuna aliyetwambia kwamba ile mashine inavuta hewa kwa matundu ya chini na kuitolea ubavuni. Sisi tulikuwa tumeiziba juu na chini, kwa upendo kabisa.

Mara ya kwanza kusikia feni yake ikinguruma, nilifurahi. Nilidhani ni nguvu. Nilimwita hata jirani aje asikie. Kumbe ilikuwa inahangaika kutafuta hewa.

Baadaye ikawa inanguruma wakati wote, hata ikiwa haina kazi. Hapo nikakulaumu wewe.

"Hizo tamthilia zako za Kikorea ndizo zinazoichosha," nilikwambia.

Ukanijibu, "Baba, mbona hata nisipoigusa inalia?"

Lilikuwa swali zuri sana, Mwanaidi, swali ambalo fundi yeyote angeanza nalo. Mimi nikaliona ni utovu wa adabu, nikakufukuza sebuleni. Ukikutana na hali hiyo huko, feni inalia na wewe hufanyi kitu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona programu gani inakula nguvu kimyakimya. Kwangu ilikuwa ile ya kuunganishia video. Nilikuwa nakifunga kidirisha chake nikidhani nimeizima, kumbe nyuma yake inaendelea kupika vipande vya harusi. Niligundua baada ya muda mrefu, na sikukwambia kwamba tamthilia zako hazikuwa na kosa. Sasa umejua.

Halafu ikaja harusi ya Rukia.

Ulikuwa kidato cha tatu. Najua wewe unaikumbuka kwa sababu ya pilau. Mimi naikumbuka kwa sababu ya mama yake, Bi Tatu, yule jirani wa bibi yako aliyekuwa akikuletea korosho za kukaanga. Siku ile alikuwa amekonda, amejifunga khanga juu ya khanga ili mwili uonekane mnene, na kila aliyemuuliza hali alimjibu hivyo hivyo: "Mzima, uchovu wa shughuli tu." Mimi pia nilimuuliza, akanijibu hivyo, nikaendelea kupiga picha.

Rukia alipokuwa anatolewa kwenda kwa mumewe Mlandizi, Bi Tatu alikuwa amekaa mkekani. Alimvuta mkono mwanawe, akamwinamisha, akamsemea sikioni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yao, kamera karibu kabisa na nyuso zao. Nyuma yangu ngoma zinapigwa, vigelegele, gari linapiga honi kuwahimiza. Sikusikia neno. Akili yangu yote ilikuwa kwenye picha isitikisike.

Nilirudi Kibaha, nikahamishia kila kitu kwenye laptop, nikafuta kadi ya kamera kwa ajili ya harusi nyingine ya wiki iliyofuata. Sikuweka nakala popote pengine. Watu wakinisikia nasimulia habari hii hudhani kosa langu lilikuwa kwenye feni. Hapana. Kosa lilianzia hapo, kabla ya joto lolote. Kitu kikiwa mahali pamoja tu, ni kama hakipo.

Haukupita muda, Bi Tatu akafariki. Ilikuja kujulikana msibani kwamba alikuwa anaumwa muda mrefu, ugonjwa mkubwa, na aliujua mwenyewe. Hakutaka kuharibu harusi ya mwanawe. Rukia akanipigia simu, sauti imekauka kwa kulia.

"Kaka Salum, ile video iko tayari? Tunataka tuione kwenye arobaini ya mama."

"Bado kidogo, mdogo wangu. Nitaimaliza."

Na nilikuwa na nia ya kuimaliza. Lakini kila nilipoiambia laptop itoe video nzima, ikifika katikati, kioo kinakuwa cheusi. Inazima ghafla bila hata onyo. Naiwasha palepale, naanza upya, inazima mapema zaidi. Naiwasha tena. Sikujua kwamba ile kuzima ni kinga yake, inajizima yenyewe isije ikaungua. Mashine ilikuwa inaomba ipumzike, mimi nasukuma kitufe tu.

Nikaiweka kwenye friji. Hili unalijua, lakini hukuwepo mama yako alipofungua mlango.

"Baba Mwanaidi!"

"Naam."

"Hii laptop umeiweka hapa kwa sababu gani?"

"Inapoa."

"Inapoa karibu na samaki?"

Nilipoitoa ilikuwa baridi kweli, nikajisifu. Baada ya kitambo kioo kikaanza kutoa jasho, na kwenye funguo kukawa na unyevu. Maji yanaingia ndani hivyo hivyo, mwanangu, hayahitaji kumwagwa. Nikaianika sebuleni, na wale samaki nikaambiwa nitakula peke yangu.

Ungeniuliza, kwa nini sikwenda kwa fundi? Kwa sababu bango la studio yangu pale Kwa Mathias limeandikwa kwa herufi kubwa, "Video na Kompyuta", na rangi nililipaka mwenyewe. Fundi Hamadi alikuwa milango michache kutoka kwangu. Ningeanzaje kumpelekea kompyuta nikitokea chini ya bango la kompyuta? Siku hizi najua kwamba angeweza kuitoa ile diski tu, akaichomeka kwenye mashine nyingine, na harusi yote ikapatikana kabla chai haijapoa. Sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza.

Badala yake nilikwenda kwa mziba pancha.

Nilikuwa nimeshaelewa kuwa ndani kuna vumbi. Hapo nilipatia. Unaweka kiganja ubavuni, pale hewa inapotokea. Feni inanguruma lakini upepo hautoki, ujue njia imeziba. Nikaona pampu ile ya matairi itamaliza kazi. Mziba pancha alisita.

"Salum, una uhakika? Huu upepo ni wa lori."

"Piga tu."

Akapiga. Feni ikazunguka kwa nguvu ambayo haikuumbiwa, ikatoa mlio wa juu kama filimbi, na vumbi likaruka mafungu mafungu kama pamba ya mto mkuukuu. Watu waliokuwa wanasubiri mabasi wakageuka kutazama. Nilijisikia daktari. Sikujua kwamba panga za feni zinatakiwa zishikwe kwa kijiti zisizunguke unapozipuliza, wala kwamba upepo wa pampu ile una majimaji na mafuta ndani yake.

Nikaileta nyumbani, nikaiwasha, nikamwita mama yako.

"Sikiliza."

Akasikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake. Imepona."

Akapitisha mkono chini ya laptop, akautoa haraka. "Mbona inachoma?"

"Itapoa," nikasema.

Feni ilikuwa imekufa. Miezi yote ile kelele yake ilinikera, ilipoacha kabisa nikashukuru. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote ya mashine hii. Feni inayopiga kelele bado inafanya kazi, hata kama kwa shida. Inayonyamaza huku chini kunachoma, hiyo izime upesi, hata kama umebakiza mstari mmoja wa kazi yako.

Tangu siku hiyo laptop haikukaa ikiwaka. Unaiwasha, inafunguka, unahesabu pumzi chache, inalala. Na harusi ya Rukia iko humo ndani.

Sasa hii ndiyo nusu usiyoijua. Rukia alipiga simu, nikamwambia kuna shida ndogo ya programu. Akapiga tena, nikamwambia naimalizia. Akapiga siku nyingine mchana, nikamwambia hapa Kwa Mathias umeme umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa bado nina simu sikioni aliposukuma mlango wa studio na kuingia. Alikuwa dukani upande wa pili wa barabara. Akatazama taa ya dari, akatazama pangaboi linazunguka juu ya kichwa changu.

"Kaka, umeme upo," alisema.

Nilitafuta hata uongo mwingine, sikuupata.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alisema tu, "Jumamosi ni arobaini. Njoo, hata kama haijaisha," akatoka.

Jumamosi nikaamka na homa. Mama yako alinigusa paji la uso, hakuona joto. Akakutuma wewe. Ukaja ukasimama mlangoni na sare ya madrasa.

"Baba, unaumwa?"

"Kidogo."

"Au ni ile laptop?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kwani watakufanya nini? Watakasirika. Basi. Twende, nitakusindikiza."

Ulisema kirahisi namna ile nikaona aibu kubaki kitandani. Ulibadilisha nguo, ukaizungushia laptop khanga ya mama yako isiingie vumbi la njiani, na kuanzia Kisarawe mjini hadi Masaki uliipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa kwenye bodaboda ya nyuma, nakutazama. Nilitamani ile njia isiishe.

Dua ilikuwa imeshasomwa tulipofika. Mzee Kibwana, kaka yake marehemu, alikuwa barazani na wanaume wenzake. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetuletea?"

"Imo humu ndani, mzee, lakini mashine haikai ikiwaka. Nimeiharibu mwenyewe kwa kuitengeneza."

"Na hayo ya programu? Na ya umeme?"

"Nilidanganya."

Ndani ya nyumba mwanamke mmoja alisonya kwa nguvu, nikajua wamesikia wote. Wewe ulikuwa kando yangu, hukuinamisha kichwa. Mimi niliinamisha.

Rukia akatoka. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaitazama ile khanga.

"Kaka Salum, mimi video yote siihitaji leo. Keki, magari, hayo yatakuja baadaye au yasije. Nataka pale mama aliponivuta. Alinisemea sikioni na mimi sikusikia. Nilikuwa nalia, ngoma zinapigwa. Nikamwitikia 'ndiyo, mama'. Mpaka leo sijui nimeitikia nini."

Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo. Na mimi sikuwa nimemuuliza. Wiki zote zile nilihangaika kutoa harusi nzima, ndefu, yenye maandishi ya dhahabu mwanzoni na muziki katikati, wakati yeye alikuwa anatafuta maneno machache.

Ukauliza wewe, "Kwa hiyo ni kipande kimoja tu?"

"Kimoja tu," akasema Rukia.

Ukanigeukia. "Baba, hicho ni kidogo. Hatuhitaji kufungua ile programu. Tunakinakili tu kwenye flashi, kilivyo."

Sasa sehemu hii ulikuwepo, lakini naiandika kwa sababu sidhani kama ulijiona ulivyokuwa. Uliomba feni ya mezani, wakakuletea. Uliomba matofali, ukaiweka laptop juu yake ili chini pawe wazi. Uliiwasha, ukapunguza mwanga wa kioo mpaka ukafifia, ukazima mtandao na kila kilichokuwa kinajifungua chenyewe. Mzee Kibwana aliacha baraza akaja kusimama nyuma yako. Kipande kikapatikana. Kikaanza kuhamia kwenye flashi, ule mstari wa kijani ukawa unasogea, ukapita nusu, na kioo kikawa cheusi.

Wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni walishusha pumzi kwa pamoja. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Ukanishika.

"Iache ipoe, Baba."

Tukaiacha. Watu wakala. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda kuswali, tukarudi. Feni ya mezani ilikuwa bado inaipulizia, na mtoto mmoja wa pale alikuwa ameambiwa akae mbali asiiguse, amekaa mbali kweli. Ukaweka kiganja chini yake, ukangoja kidogo tena ingawa kila mtu alikuwa anakutazama, ndipo ukaiwasha. Mstari ukaanza. Ulipofika mwisho hukushangilia. Ulichomoa flashi, ukaizima laptop vizuri kwa njia yake, kisha ukanipa ile flashi mkononi nimpe Rukia mimi.

Wakaichomeka kwenye runinga ya ndani. Rukia aliweka sikio karibu na spika. Ngoma zilikuwa juu, ikabidi irudiwe na kurudiwa mpaka wote tukaanza kuyatenga maneno na kelele. Bi Tatu alikuwa anasema, "Lile sufuria kubwa usiliache, nimekununulia wewe." Wanawake wakacheka, hata Mzee Kibwana alicheka, maana ndivyo alivyokuwa. Halafu sauti yake ikashuka. "Na ukiumwa, sema. Sema mapema. Mimi sikusema." Na Rukia akasikika, analia, akisema, "Ndiyo, mama."

Rukia alikaa chini palepale mbele ya runinga, akajifuta uso na ncha ya mtandio.

"Kumbe nilimwitikia vizuri," alisema.

Bibi yako aliniambia baadaye kwamba Rukia alipokuwa na mimba ya kwanza, miguu ikaanza kuvimba na kichwa kinauma, wakubwa wakamwambia ni kawaida, avumilie. Hakuvumilia. Alikwenda zahanati siku hiyo hiyo, wakampeleka hospitali, ikaonekana presha imepanda vibaya. Yeye na mtoto wote ni wazima. Mtoto ni wa kike, wamempa jina la Tatu.

Jumatatu baada ya arobaini niliichukua laptop, nikatoka chini ya bango langu, nikaenda kwa Hamadi. Nilimweleza yote, pamoja na friji na pampu. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaanza kazi. Kwanza akatoa diski, harusi nzima ikapatikana, nami nikaimaliza nikampelekea Rukia kule Mlandizi kwa mkono wangu. Kisha akatafuta feni kwenye laptop nyingine iliyokufa, akaifunga. Ikazunguka, lakini joto likabaki palepale. Tukakuna vichwa wote wawili. Siku ya pili akaifungua tena, akakumbuka kitu alichokipita: ile pesti ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipande cha shaba kinachobeba joto kwenda kwenye feni. Ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta. Akaifuta, akapaka nyingine kidogo tu, na tangu hapo mashine ikatulia. Kwa hiyo ukiona feni ni nzima, matundu ni safi, na bado inachoma, mwulize fundi wako habari za pesti. Hata Hamadi ilimpita mara ya kwanza.

Leo mlipoondoka nimeifungua tena. Nimeshika panga za feni kwa kijiti, nimepitisha brashi laini, nimepaka pesti mpya. Nimeiacha icheze video muda mrefu huku nikipasi shati langu la kesho. Inapandisha sauti, inashusha, inapandisha tena. Hiyo ni kawaida, usiogope, inapumua kulingana na kazi. Ikianza kukwaruza, kama kuna mchanga ndani, ujue feni inaelekea kuchoka. Tafuta nyingine mapema. Na kama siku moja utaona pale kwenye padi ya kidole pamevimba au haifungiki vizuri, hilo si la feni, ni betri. Usiichaji, usiibonyeze, ipeleke kwa fundi.

Baridi ya Mbeya isikudanganye. Nakujua, utaingia nayo chini ya blanketi. Usifanye hivyo. Iweke mezani, hata kama vidole vinaganda.

Ndani yake nimefuta harusi zote za watu. Nimebakiza picha za kwetu, na nakala zake zipo kwenye diski aliyonayo mama yako kabatini. Kazi zako za chuo zifanyie hivyo hivyo. Nadhani hapo sihitaji kukueleza sababu.

Kuna jambo moja nimekuwa nikilizungukazunguka tangu nianze kuandika, na karatasi inaelekea mwisho. Siku ile barazani, niliposema nilidanganya, nilidhani utaniona mdogo. Baba yako, mwenye bango, anasonywa mbele yako. Tulipokuwa tunarudi uliomba tupande bodaboda moja, ukakaa nyuma yangu, na tulipofika njia panda ukaniuliza kama tutapitia chips. Basi. Hukuwahi kuitaja tena. Sijawahi kukushukuru kwa hilo.

Huko unakokwenda utaharibu vitu. Mitihani mingine itakushinda, utamwamini mtu asiyefaa, utapima kiwanja cha watu ukosee mpaka. Mimi sitashangaa. Kitakachoniumiza ni nikisikia ulikaa nalo peke yako wiki nzima ukitafuta namna nzuri ya kuniambia. Hakuna namna nzuri, nimeitafuta sana. Usingoje mpaka uwe na majibu. Nipigie ukiwa hujui kitu, unalia, umekasirika, simu ina chaji ya kusema neno moja. Nitapokea hata nikiwa katikati ya harusi na kamera begani.

Bi harusi atasubiri.

Baba yako,
Salum